Peremende za Mama Mistari

Jina la Mama Mistari alipewa na wateja. Kichwa kilichopita mikononi mwake ulikitambua kwa nyuma, hata mwenyewe akiwa amesimama mbele yako kwenye foleni. Njia za ngozi katikati ya misuko zilinyooka kuanzia pajini hadi kisogoni, wala hazikuyumba pale nyuma ya sikio ambapo fuvu hujikunja na wasusi wengi huanza kubahatisha. Yeye aliweka mkia wa kitana, akavuta mara moja, akaendelea na hadithi aliyokuwa ameianza. Ukimsifu alisema, "Si mimi, mwanangu. Ni kichwa chako kimenyooka. Kuna vingine vimepinda pamoja na wenyewe."

Saluni ilikuwa chumba kimoja kirefu chenye viti vitatu, sinki la kuoshea nywele mwisho kabisa, na mlango wa nyuma uliotazama kamba ya kuanikia taulo. Kiti cha kwanza, cha dirishani, ndicho kilichokuwa na mwanga, na ndicho Mama Mistari alichokuwa nacho tangu saluni ifunguliwe. Mwenye saluni alikuwa wifi yake, dada wa mumewe, mwanamke mwenye sauti. Kazi ikienda vizuri hukumsikia. Ukimsikia, ujue kuna mteja amechoka kungoja.

Sasa tuseme kidogo habari ya shingo yake, maana bila hiyo mengine hayaeleweki. Miaka ya nyuma aliota rovu, likakua polepole mpaka likawa linamsumbua kumeza. Hospitali walimpasua wakaitoa tezi ya shingo yote. Alibaki na kovu jembamba kama mkufu, ambalo aliwaonyesha wateja bila haya. "Huu ndio mstari pekee niliochorwa na mtu mwingine," alikuwa akisema, "na aliuchora vizuri, siwezi kumsengenya." Alibaki pia na kidonge kidogo cha kumeza kila siku, maisha yake yote, kuziba pengo la homoni ambayo tezi ilikuwa ikitengeneza. Alikimeza alfajiri kwa maji matupu, tumbo halina kitu, na chai ilingoja mpaka amalize kufagia uwanja. Katika hilo hakuwahi kukosea.

Lakini dozi ya kidonge haikadiriwi kwa macho. Kila baada ya miezi alikwenda kupimwa damu, na daktari wake, mwanamume wa makamo mwenye maneno machache, alimweleza mapema kinachopimwa.

"Chini ya ubongo kuna tezi ndogo kama punje ya choroko," alimwambia. "Kazi yake ni kuamrisha. Homoni ikipungua mwilini, inapaza sauti: lete, lete. Ikitosha, inashusha sauti. Ikizidi, inanyamaza kabisa. Sisi tunaipima sauti hiyo kwenye damu. Namba ikipanda, dawa haitoshi. Namba ikishuka sana, dawa imezidi."

"Kwa hiyo namba kubwa ni dawa ndogo."

"Hapo ndipo wengi wanapokwama, mama."

"Mimi sikwami, daktari. Hiyo tezi ni wifi yangu."

Daktari alingoja aelezwe, akaelezwa, akacheka kidogo. Kisha akaongeza kwamba dozi ikibadilishwa leo haipimwi kesho, kwa sababu sauti ile huchelewa kutulia. Inataka wiki sita, pengine nane.

"Hapo si wifi tena," alisema Mama Mistari. "Wifi hubadilika kabla chai haijapoa."

Basi mambo yalikwenda hivyo, na yangeendelea kwenda, kama si nywele. Miezi ile ya kwanza baada ya kupasuliwa, kabla dozi haijakaa sawa, nywele zake zilianza kubaki kwenye kitana. Nyusi nazo zikapungua upande wa nje, kama mtu aliyezichora akaitwa kabla ya kumaliza. Akaanza kufunga kilemba. Wateja walimtania, "Kinyozi hajinyoi," naye akacheka nao. Jioni akifika nyumbani alikivua mbele ya kioo cha kabati, na hapo hakucheka.

Wakati huohuo wifi alirudi kutoka duka la vipodozi na kopo la plastiki lenye peremende laini za zambarau, za vitamini ya kukuza nywele na kucha. Kopo likawekwa mbele ya kioo, mfuniko wazi. Likiisha, linaletwa jingine. Kila aliyepita alichota: msusi, mteja, hata jirani aliyekuja kuomba chenji. Mama Mistari alichota kuliko wote. Alizitia kwenye mfuko wa aproni na kuzitafuna akiwa anasuka, kama wengine wanavyotafuna karanga. Zilikuwa tamu. Dawa chungu mtu huikumbuka. Hizi hakuna aliyeziita dawa.

Alipokwenda kupimwa tena, karatasi ilisema sauti ya kichwani imenyamaza na homoni imejaa kwenye damu. Maana yake dawa imezidi. Daktari akapunguza dozi. Baada ya wiki zake akapimwa, karatasi ikasema vilevile. Daktari akapunguza tena, safari hii akiwa amekunja uso.

Mwili wa Mama Mistari haukuwa na habari na karatasi. Alivaa sweta juani. Sauti ikawa ya kukwaruza, uso ukavimba asubuhi, na ngazi tatu za mlango wa saluni akawa anazipanda kwa kuzifikiria kwanza. Vidole vikawa vinene, vinakufa ganzi katikati ya kazi. Nywele ndizo zilizoanguka zaidi, naye akazidisha peremende.

Siku moja alikuwa akimsuka mwalimu mmoja, mteja wake tangu mwalimu huyo yuko sekondari. Mwalimu alikuwa na madaftari mapajani.

"Mama," alisema, "tangu nimekaa hapa nimesahihisha darasa zima."

"Haraka haraka haina baraka."

"Najua. Lakini nina kikao, na kalamu nyekundu imeisha wino."

Aliposhikiwa kioo nyuma, aliangalia kwa muda. Mstari uliopita nyuma ya sikio la kushoto ulikwenda, ukasita, ukapinda. Mwalimu hakulalamika. Alisema tu, "Si kitu, mama, nitafunga kitambaa," akalipa, akaondoka. Mama Mistari angependa mara mia atukanwe.

Wifi alikuwa ameona. Alimwita nje, kwenye kamba ya taulo, na alipoanza kuzungumza kwa sauti ya chini Mama Mistari alijua mambo yameharibika.

"Wifi, mwisho wa mwezi kiti cha dirishani nitampa Mgeni. Wewe utakuwa kwenye sinki."

Mgeni alikuwa msusi wa kiti cha tatu. Alikuwa hapo mwaka wa pili sasa, lakini jina lilishamganda.

"Sinki," alisema Mama Mistari.

"Sikufukuzi. Nitamfukuzaje wifi yangu, nikamwambie nini kaka yangu? Lakini watu wananiuliza."

"Wanauliza mstari?"

"Wanauliza saa. Mstari wanaona aibu kuuliza."

Mama Mistari alianza kukunja taulo ambalo halijakauka. "Daktari anasema dawa imezidi. Anaipunguza. Ikishakaa sawa, mkono utarudi."

"Imepunguzwa mara mbili, na wewe ndio unazidi kusinzia. Hilo taulo ni bichi, wifi. Liache."

Alilirudisha kwenye kamba. Kuosha vichwa si aibu. Yeye mwenyewe alianzia hapo. Lakini anayeosha hutoa kichwa kwa mwingine akisuke, na tangu awe mtu mzima hakuna kitu alichokijua kumzidi mtu isipokuwa mstari. Usiku huo mumewe alimuuliza ana nini, akasema baridi. Haukuwa uongo.

Siku ya kumwona daktari ilipofika, daktari aliisoma karatasi mpya, kisha akaiweka chini na kumtazama yeye. Alimshika mkono akahesabu mapigo. Akamwambia apige magoti kwenye kiti, miguu ininginie nyuma, akamgonga juu ya kisigino kwa kinyundo cha mpira. Mguu uliruka, halafu ukarudi polepole, kama mlango wenye bawaba kavu.

"Karatasi inasema mama huyu anakimbia," alisema daktari, kama anaongea na kinyundo. "Mguu unasema amelala. Siwezi kuwaamini wote wawili."

"Karatasi si ndiyo inayojua?"

"Karatasi inajua ilichoambiwa na mashine. Kuna dawa nyingine unatumia? Za kuongeza damu, za mifupa, za mitishamba?"

"Hakuna, daktari. Ni kidonge chako tu, na maji."

Alisema kweli kadiri alivyoijua kweli. Daktari aliikunja karatasi. "Dozi sitaigusa leo," alisema. "Nenda maabara wakutoe damu tena. Tuanze hapo."

Maabara ilikuwa mwisho wa korido, chumba chenye dirisha dogo, kiti chenye mkono mpana na vichupa vimepangwa kwenye kishikio kama risasi. Mpima damu alikuwa mwanamke kijana aliyevaa glavu, na alipogeuka kuchukua pamba Mama Mistari alikiona kisogo chake.

"Nani alikusuka, mwanangu?"

"Dada yangu."

"Mnapendana?"

"Tunapendana sana, mama."

"Hapa nyuma haionekani."

Mpima damu alicheka, akamfunga mpira juu ya kiwiko. Mama Mistari alimwangalia sasa kwa mbele. Nywele za pajini zilikuwa zimepungua, kazi ya kuvutwa mno. Akamhurumia, akaingiza mkono usiofungwa kwenye mkoba.

"Chukua. Zinasaidia hapo mbele. Mwambie na dada yako apunguze nguvu."

Mpima damu aliitazama peremende ya zambarau kwenye kiganja. Sindano ilikuwa tayari mkononi.

"Hii ni nini, mama?"

"Peremende tu. Za saluni."

"Za nywele?"

"Nywele na kucha."

"Umekula leo?"

"Njiani. Na hii ninayotafuna."

"Na jana?"

"Jana nilikuwa kazini," alisema Mama Mistari, na kwa kweli hilo lilikuwa jibu.

Mpima damu alirudisha sindano kwenye sinia akafungua mpira. "Leo sikutoi damu."

"Mishipa imejificha?"

"Mishipa ipo. Itakayopotea ni mashine." Akavuta kistuli akakaa. "Mama, mashine yetu huinasa ile homoni ya kichwani ndipo iihesabu. Sasa, gundi inayoitumia kunasia ni vitamini iliyo kwenye hizi peremende. Damu ikija imejaa vitamini hiyo, inawahi kuziba mahali pa kunasia. Homoni inapita bila kuhesabiwa, na mashine inaandika: huku kimya. Kumbe sauti ipo, inapiga kelele mchana kutwa, ila sisi tumezibwa masikio."

"Na ile homoni ya dawa, iliyoandikwa imejaa?"

"Hiyo hupimwa kwa njia ya kinyume, kwa hiyo mashine inaiona nyingi kuliko ilivyo."

Mama Mistari aliacha kutafuna. Hakuwa mtu wa kuhitaji kuelezwa mara mbili. Nywele zilipungua, akala peremende. Peremende zikaipoteza mashine, dozi ikapunguzwa. Dozi ikapungua, nywele zikaanguka, akala zaidi. Alikuwa akijisuka na kujifumua kwa mkono uleule.

"Kwa nini hukumwambia daktari?"

"Aliniuliza dawa, mwanangu. Hizi ni peremende."

Mpima damu alitikisa kichwa pasipo kulaumu. "Wa saluni huwa nawauliza nywele na kucha, ila safari zilizopita hukunikuta zamu. Leo ulinipeleka kwa dada yangu, nikasahau."

Daktari aliitwa. Aliigeuzageuza peremende kama mtu aliyeokota kifungo cha shati lake mwenyewe. "Nilikuuliza unatumia dawa gani," alisema. "Siku nyingine nitakuuliza unatia nini mdomoni." Akamwambia aziache kabisa, arudi baada ya wiki. Kidonge cha alfajiri asikiache. Siku ya kupimwa tu kisubiri damu itoke, ndipo akimeze.

Wifi aliisikiliza habari yote akiwa amesimama, kitana mkononi. Ilipoisha aliutazama mfuko wa aproni ya Mama Mistari.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema. Halafu, baada ya kidogo, "Na aliyekileta ni mimi." Akachukua kopo mbele ya kioo akalifungia kabatini.

Mteja wa kiti cha pili aligeuka na povu kichwani. "Kwani ni sumu?"

"Si sumu," alisema Mama Mistari. "Kula ukitaka. Ila ukienda kupimwa damu, mwambie mpimaji, akupe siku za kuziacha kwanza."

"Sasa kiti?" Mgeni ndiye aliyeuliza, kwa sauti ndogo, maana alikuwa ameshaanza kuhamisha vitana vyake.

Wifi alikuwa mtu wa haki, na haki haina huruma kila siku. "Mwisho wa mwezi uko palepale," alisema. "Ugonjwa umejulikana. Mkono bado haujarudi."

Damu iliyotolewa bila peremende ilileta namba ambayo daktari aliisoma mara mbili.

"Anapiga kelele?" aliuliza Mama Mistari.

"Mpaka majirani wanasikia."

Dozi ikarudishwa ilipokuwa zamani, na hapo ikabaki kungoja, kwa kuwa hakuna namna ya kuiharakisha. Mwezi ulipoisha alihamia kwenye sinki bila kugombana. Alikunja mikono, akajaribu maji kwa kifundo cha mkono, akalaza vichwa. Mgeni alikaa dirishani na kusuka vizuri, kwa haraka, na nyuma ya sikio akabahatisha.

Kilichorudi kwanza hakikuwa alichokitazamia. Asubuhi moja alifika kazini akagundua sweta amelisahau nyumbani na hakuona baridi. Baadaye sauti ikaacha kukwaruza. Ngazi za mlangoni akazipanda akiwa anamsimulia mtu jambo, asikumbuke kuzifikiria. Chini ya kilemba palikuwa na nywele fupi laini, kama za mtoto, ambazo hakumwonyesha mtu. Vidole vilichelewa. Alivipima kwa siri kila siku kwenye vichwa vyenye maji, akipitisha ukucha kutoka pajini kwenda nyuma, akiangalia njia inayobaki kabla maji hayajaifuta.

Mwalimu alipokuja kuoshwa, aliinuliwa kabla hajafungua daftari. "Mama, umeniwahi," alisema. "Leo watoto watakosa alama zao."

Siku moja Mgeni alimjia na kitana. "Mama, hapa nyuma ya sikio wewe unapitaje? Mimi napotea."

Mama Mistari angeweza kumjibu apotee tu. Kwa dakika nzima, akikamua taulo, alilifikiria jibu hilo kwa raha. Kisha akaja. "Mwinamishe kwanza, mpaka kidevu kiguse kifua. Sikio likunje mbele. Sasa ngozi imetandikwa, unaona? Mstari hauchorwi juu ya shuka iliyojikunja."

Wiki zilipotimia alirudi maabara. Mpima damu aliunyoshea mkoba wake kidole kabla hajaketi. Mama Mistari akatoa kila kitu mezani: leso, funguo, kitana, kidonge cha asubuhi kikisubiri zamu yake.

"Peremende?"

"Hata harufu yake. Na wewe, bado ni dada?"

"Bado ni dada."

"Njoo saluni nikutazame."

"Nikija nikuulizie kiti gani?"

Mama Mistari alinyoosha mkono juu ya mkono wa kiti. "Hilo niulize wiki ijayo," alisema.

Majibu yalipotoka, namba ilikuwa katikati ya mipaka yake, haikupanda wala haikuzama. "Sasa anaongea kama mtu," alisema daktari. Dozi ibaki hapo, arudi kupimwa baada ya miezi. Mama Mistari alimshukuru, akasema wifi wa aina hiyo hajawahi kumwona.

Alipofika kazini kiti cha dirishani kilikuwa na mtu. Ni wifi mwenyewe, amefumua nywele zote, zimesimama kichwani kama moshi. Vitana vya Mgeni vilikuwa kwenye kiti cha tatu, chake cha zamani.

"Daktari kasemaje?"

"Kasema imekaa sawa."

"Nilimsikia daktari mara mbili huko nyuma," alisema wifi. "Nisuke."

"Na Mgeni?"

"Mgeni atashika kioo."

Mama Mistari alinawa mikono, akaikausha kila kidole. Tangu mistari ianze kupinda, wifi alikuwa amekwenda kusukwa mtaa mwingine, na wote humo ndani walijua. Akaweka mkia wa kitana katikati ya paji.

"Inamisha kichwa."

"Nimeinamisha."

"Hujainamisha, wifi. Umekubali tu kidogo. Kidevu kifuani."

Wifi akainamisha. Kitana kikapita, kikafika nyuma ya sikio lililokunjwa, kikashuka mpaka shingoni bila kusimama. Mama Mistari hakuendelea na hadithi yoyote, kwa kuwa hakuwa ameanza. Alipopiga mistari yote, Mgeni akaleta kioo nyuma. Wifi alitazama sikio la kushoto kwa muda, akageuza kichwa, akatazama la kulia, akarudi tena la kushoto.

"Sema basi, wifi."

"Niseme nini?" alisema wifi. "Suka. Kuna watu wanangoja."